Kombolela ya Watu Wazima

Mimi ni mtu mwoga wa sheria, na nalisema hilo bila kuona haya. Barabara naivukia kwenye zebra hata saa nane za usiku, wakati gari pekee lililopo ni bovu na limeegeshwa. Risiti za pango ninazo tangu enzi mwenye nyumba wangu alipokuwa bado na nywele. Laini ya simu nayo niliisajili mapema kwa alama za vidole, kabla ya ile 20 Januari 2020 ambapo laini zisizosajiliwa zilianza kuzimwa. Kidole gumba kiligoma kusomeka mara tatu kwa sababu kilikuwa kimeparuzwa na mbuzi ya kukunia nazi. Kijana mwenye mashine akaniuliza, mbele ya foleni nzima, mwanamume mzima nazi anaikunia nini. Nikavumilia. Utii una gharama zake.

Sasa sikilizeni yaliyonikuta.

Ijumaa ya tarehe 13 Oktoba 2023 nilikuwa nimekaa barazani kwangu Tabata, miguu nimeinyoosha juu ya ndoo, najiandaa kwa Jumamosi ya Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere, siku ambayo mimi na serikali hupumzika pamoja. Mpwa wangu, anayesomea kompyuta chuoni na kulia kwangu, akaanza kusoma kwa sauti kutoka kwenye simu yake. Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, inawatangazia watu na kampuni ambazo shughuli zao zinahitaji VPN watoe taarifa za VPN hizo, pamoja na anwani zake za IP, ifikapo 30 Oktoba 2023.

Nikasema, "Safi sana. Wabanwe hao."

"Mjomba," akasema, "wewe unayo."

Nikamwambia asinichafulie jina barazani, watu wanapita.

Ikabidi anieleze taratibu. Mimi napata riziki kwa kusahihisha maandishi ya kampuni moja ya nje. Kila asubuhi, kabla ya kufungua kazi zao, nabonyeza kitufe fulani cha bluu. Waliniambia siku ya kwanza: bonyeza hapa, subiri kigeuke kijani, ndipo uingie. Nami nimebonyeza miaka mitatu bila kuuliza, kwa kudhani ni namna ya kupiga hodi. Mtu haingii kwenye kompyuta ya watu bila hodi. Kumbe ile hodi ndiyo VPN yenyewe.

"Ni hivi, mjomba. Ukituma barua kwa kawaida, kila tarishi njiani anaona imetoka Tabata na inakwenda kwa nani. Sasa wewe unaitia barua yako ndani ya bahasha nyingine, unaipiga lakiri, unampelekea mtu aliyeko Amsterdam. Yeye anachana ya nje, anaituma ya ndani kana kwamba ni yake. Tarishi wa hapa anaona tu una rafiki Amsterdam. Anayepokea anajua barua imetoka Amsterdam."

Hapo nikaelewa jambo lililokuwa likinisumbua muda mrefu: kwa nini simu yangu inaniletea matangazo ya jibini na baiskeli kwa lugha nisiyoijua. Nilidhani imeharibika. Nilishaipeleka kwa fundi mara mbili, na mara ya pili alibadilisha kioo.

"Na hayo ya bahasha yana faida gani kwa mtu asiye na siri?" nikauliza.

"Ukikaa stendi ukatumia Wi-Fi ya bure, aliyeitega anaweza kuchungulia unakokwenda. Ukiwa na VPN anaambulia herufi zilizovurugwa. Mtu wa benki anayefanya kazi akiwa safarini anaingia kwenye mifumo ya ofisi kwa njia hiyo hiyo. Ni kitasa tu, mjomba."

Kwa hiyo nina kitasa. Nimekuwa nacho miaka mitatu, kimenilinda bila mimi kujua, na siku niliyojua kuwa ninacho ndiyo siku niliyoambiwa nikakitolee maelezo.

Mpwa akanifungulia kanuni zenyewe, za Maudhui ya Mtandaoni za mwaka 2020. Ile ya 16, kanuni ndogo ya pili, inamkataza mtu, yeye mwenyewe au kupitia mwingine, kutoa, kumiliki au kusambaza teknolojia, programu au kitu kingine kinachohusiana nayo ambacho kinawawezesha au kuwasaidia watumiaji kuyafikia maudhui yaliyokatazwa. Adhabu ni faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miezi 12, au vyote kwa pamoja.

Mama watoto alikuwa pembeni anapeta mchele. Akasimamisha ungo hewani.

"Wamesema kuwasaidia?"

"Ndiyo, anti."

"Basi miwani ya mjomba wako nayo ikatolewe taarifa. Huyu bila miwani haoni maudhui ya aina yoyote, yaliyokatazwa wala yaliyoruhusiwa."

Nilicheka, lakini peke yangu usiku nikayarudia maneno yale na kicheko kikakata. Miwani inasaidia. Chaja inasaidia, maana simu ikizima hakuna la kufikia. Chaja niliinunua kwa Mangi wa dukani, kwa hiyo Mangi ni msambazaji. Kigoda ninachokalia kinasaidia. Chai ya saa nne inanisaidia sana. Nguzo ya umeme pale kona ndiyo kinara wa mtandao mzima, ingawa yeye siku hizi ana ushahidi kwamba muda mwingi hakuwepo kazini.

Asubuhi nikaitisha ukaguzi wa familia. Simu tano mezani. Ya kwangu ina kitasa cha kazi. Ya mpwa ina vinne, viwili ni vya masomo na viwili, anasema, ni vya kulinganisha na vile viwili. Ya binti yangu wa kidato cha nne inacho; hakutaka kueleza, nami sikutaka kusikia. Ya dada anayetusaidia kazi inacho, aliwekewa na binti yangu. Nikamgeukia mama watoto kwa matumaini, maana huyu ni mzee wa kanisa.

"Nimewekewa 2020," akasema, huku akikunja kitenge. "Siku zile za uchaguzi, mitandao ilipogoma kufunguka. Wateja wangu wa vitenge wote wako WhatsApp. Ulitaka niwapigie filimbi?"

Sikujibu. Nilikumbuka kwamba wiki ile ya Oktoba 2020 tulikula vizuri tu, na sikuwahi kuuliza hela ya samaki ilitoka wapi. Na si sisi peke yetu tuliosoma shule hiyo. Majirani zetu Waganda walipotozwa shilingi 200 zao kwa siku ili wafungue mitandao ya kijamii, kuanzia 1 Julai 2018, VPN ikawa neno la sokoni ndani ya wiki. Hakuna semina inayofundisha teknolojia kwa kasi kama mlango uliofungwa.

Simu tano mara milioni tano. Milioni ishirini na tano kwa kiwango cha chini, na miaka mitano gerezani tukigawana. Nyumba yangu yote, ukimtoa paka, ni genge.

Nisieleweke vibaya. Sisemi mtandao uachwe uwe shamba lisilo na mwenyewe. Mle ndani kuna uchafu wa kutisha, kuna watu wanaodhalilisha watoto, na mtu wa namna hiyo akikamatwa mimi nitamshikia polisi tochi. Ila akamatwe kwa alichokifanya. Kumsaka kwa kuhesabu nani ana kitasa mlangoni ni kazi ya mtu aliyedondosha funguo uani akazitafutia sebuleni kwa sababu ndiko kwenye taa.

Mtazameni mwizi ninayemfahamu mimi. Jumatano ameniandikia tena: ile hela nitumie kwenye namba hii, jina litakuja la mtu fulani. Huyu mtu ananiandikia tangu sijaota mvi. Hana VPN. Hana bahasha mbili. Ana laini, na laini ili iwe hewani ni lazima isajiliwe kwa kidole cha binadamu, kwa hiyo mahali fulani kuna kidole kilichopangiwa foleni kama changu, na pengine chenyewe kilisomeka mara ya kwanza. Akitokea mtu akamwomba taarifa za VPN yake, atajibu kwa kiapo kwamba hana, na atakuwa amesema kweli. Raia mwema kwa kila kipengele, kasoro wizi.

Na mwenye nia mbaya kweli kweli, mnamtarajia aje kujiandikisha? Tulipokuwa wadogo tulicheza kombolela. Mmoja anafumba macho na kuhesabu, wengine tunatawanyika kujificha, nyuma ya tangi, chini ya kitanda, ndani ya gunia la mkaa. Katika miaka yote ya kucheza sikuwahi kumwona mtoto akimwendea anayehesabu, akamgusa bega na kumwambia: samahani, nikujulishe tu kwamba mimi nitakuwa nyuma ya choo. Angekuwepo mtoto wa hivyo, ningekuwa mimi.

Mpwa aliona ninavyokonda, akajaribu kunifariji kwa mifano ya ng'ambo. Vijana wanaamini mtu akisikia na wengine wameumia, jino lake linaacha kuuma. Akanambia huko Michigan, Marekani, sheria ilianza kutumika 31 Machi 2003, ikiwalenga wanaoiba huduma za kebo na simu. Ila waliiandika kwa mapana hivi kwamba ilikataza vifaa vya kumficha mtoa huduma mawasiliano yametoka wapi au yanakwenda wapi. Wataalamu wakaisoma wakashika vichwa: hiyo ni VPN, na hata kile kiboksi cha nyumbani kinachogawa intaneti kwa kompyuta tatu kwa anwani moja. Mwanafunzi wa uzamivu wa Chuo Kikuu cha Michigan, Niels Provos, ambaye utafiti wake ulihusu usalama wa kompyuta na namna ya kuficha ujumbe ndani ya picha, akazihamishia kazi zake nje ya nchi.

"Akazipeleka wapi?"

"Uholanzi."

Nikanyamaza. Kumbe ndiko zinakokimbilia zote. Huko Uholanzi lazima pamejaa.

Mfano wa pili ulinigusa zaidi. Ujerumani walitunga kifungu mwaka 2007, nambari 202c ya sheria yao ya jinai, kinachoadhibu kutengeneza, kupata au kusambaza programu ambazo lengo lake ni kuvunja kompyuta za watu. Ukikisikia unasema sawa kabisa. Tatizo ni kwamba programu ya kujaribu kama nywila yako ni dhaifu ni ile ile, awe ameishika mwizi au mlinzi.

Hili sikuhitaji kompyuta kulielewa. Mwaka jana nilipoteza funguo, nikamleta fundi wa pale sokoni mwenye kikopo cha vinyaya. Alifungua mlango wangu kabla sijamaliza kumweleza zilivyopotea. Akanambia, "Mzee, kitasa chako hakina kitu, ningekuwa mtu mwingine ungelia." Akaniuzia kingine. Ukimkamata fundi huyo kwa kosa la kuwa na vinyaya, mtaa mzima utabaki na vitasa vibovu na hakuna wa kutuambia. Wezi watajua. Wao huja usiku kupima bure.

Basi Wajerumani wakaanza kushitakiana kwa kejeli. Jarida moja likapeleka malalamiko dhidi ya ofisi ya serikali yenyewe ya usalama wa kompyuta, BSI, kwa sababu ilikuwa ikiwaelekeza watu kwenye programu ya kujaribu nywila. Waendesha mashtaka wa Bonn hawakulitaka jambo hilo. Mwaka uliofuata, Desemba 2008, mhariri wa jarida la kompyuta la iX, lililokuwa limetoa toleo maalumu lenye diski ya programu za kupima usalama, akaenda Hannover kwa waendesha mashtaka kujishitaki mwenyewe.

"Kujishitaki?"

"Mwenyewe, mjomba. Alitaka ajue kama yeye ni mhalifu au siye."

Nilimpenda Mjerumani huyo kuliko ndugu zangu wengi. Huyo ndiye mtu wa aina yangu: anakwenda kujikamatisha, ushahidi kwapani, na pengine amewahi kufika kabla ofisi haijafunguliwa. Wakamwambia hana kosa, hakuwa na nia ya uhalifu. Mwaka 2009 Mahakama ya Katiba kule Karlsruhe nayo ikafafanua kwamba kifaa chenye kufaa pande zote mbili hakimfanyi mtu kuwa mhalifu. Lazima kiwe kimetengenezwa kwa ajili ya uhalifu. Miaka miwili, malalamiko chungu nzima, mahakama kuu kuliko zote nchini, kuja kusema maneno ambayo fundi wangu wa vitasa angeyasema akiwa ametia msumari mdomoni.

Basi nikaamua na mimi niende nikajitaje. Jumamosi ya tarehe 28 nikaenda steshenari nichapiwe tangazo, maana mimi ni mtu wa karatasi. Jambo lisiloweza kukunjwa silielewi. Kijana wa steshenari akalisoma lilivyokuwa likitoka kwenye mashine.

"Mzee, hii wewe ndiye wa kwanza kuniletea tangu itoke."

"Wengine wamejaza kwenye simu zao," nikamwambia.

Akanitazama kwa huruma, kama unavyomtazama mtu anayepanda daladala kwa kufuata mstari.

Jumapili jioni nikafungua kaunta buku, nikapiga mstari kwa rula, nikaandika juu: Taarifa za VPN Yangu. Chini yake: Anwani ya IP. Nikamwita mpwa anisomee. Akataja namba, nne zenye nukta katikati. Nilipofika nukta ya tatu, umeme ukakatika. Mgao. Tukakaa gizani, mimi na kalamu na nusu ya anwani. Uliporudi akaunganisha upya, akasoma. Namba nyingine kabisa.

"Mbona si ile?"

"Huwa zinabadilika, mjomba. Ukiunganisha upya unaweza kupewa nyingine. Halafu si yako peke yako, hapo mko watu kibao."

"Kwa hiyo ni nyumba ya kupanga?"

"Kama hivyo."

"Yenye choo kimoja."

"Sawa, mjomba."

Nikafuta ya kwanza, nikaandika ya pili. Umeme ukakatika tena. Kufikia saa nne usiku ukurasa ulikuwa umejaa namba zilizokatwa mstari kama daftari la madeni la Mangi mwisho wa mwezi. Katika maisha yangu nimeshajaza fomu za kila aina, nimeshaulizwa kabila la bibi mzaa bibi, lakini sijawahi kuulizwa swali ambalo jibu lake hubadilika nikipiga chafya. Nilitaka kutii. Mtu asinisingizie vingine. Shida ni kwamba anwani ambayo kazi yake ni kuficha nilipo haikubali kukaa kwenye mstari niliouchora kwa rula.

Mama watoto akapita na taa ya kuchaji. Akautazama ukurasa.

"Unajua unachokifanya? Jiji zima wanazo. Wewe ndiye unataka uwe na jina."

Kweli hiyo ilinichoma, kwa sababu ilikuwa fupi. Kijana wa steshenari anayo, nilikiona kile kialama kwenye simu yake. Vijana wa bodaboda pale kijiweni wanazo. Kesho ikipita, wote hao watabaki watu wasiojulikana, na orodha ikitolewa itakuwa na mhalifu mmoja mwenye jina kamili, mtaa, namba ya simu na mwandiko mzuri.

Lakini mtu haachi tabia ya miaka hamsini kwa usiku mmoja. Umeme uliporudi saa sita kasoro, nikafungua kompyuta, nikavaa miwani, nikaingia kwenye fomu ya TCRA mtandaoni. Nikajaza jina. Nikajaza kazi. Kwenye anwani nikaweka ile ya mwisho, iliyokuwa haijakatwa mstari, nikatuma. Nikahisi mwili mwepesi. Nikamwamsha mpwa nimweleze kwamba mjomba wake sasa ni msafi.

Akaja anapikicha macho, akatazama kioo. Akatazama kona ya juu, palipokuwa na kile kitufe. Kilikuwa kijani.

Nilikuwa nimepiga hodi kwanza. Miaka mitatu ya mazoea, mkono umekwenda wenyewe.

"Mjomba," akasema polepole, "umeungama ukiwa Amsterdam."

Leo ni Jumatatu tarehe 30 Oktoba 2023, siku ya mwisho. Sijakunywa chai, maana nimeshasema inasaidia. Kama kuna ofisa asubuhi hii anajiuliza ni Mholanzi gani huyu anayeandika Kiswahili sanifu, mwenye mke, mpwa na simu tano, basi asihangaike kupiga simu Ulaya. Ni mimi, nipo Tabata, barazani, miguu juu ya ndoo. Kidole gumba changu mnacho.